Siku ya Kutoka Mzigo Inaweza Kujulikana

Katika ofisi za mawakala wa forodha, Mombasa na Dar es Salaam, kuna swali linaloulizwa kila siku kuliko jingine lolote: mzigo utatoka lini? Mwenye duka la vipuri Kampala huuliza kwa sababu alikopa benki, na riba inahesabiwa tangu siku alipochukua mkopo. Mwenye lori huuliza kwa sababu gari lililosimama halileti nauli. Mwenye kiwanda huuliza kwa sababu malighafi ikikosekana atalazimika kuwarudisha vibarua nyumbani. Jibu wanalopewa mara nyingi ni "wiki hii, Mungu akijalia", na wakala anayejibu hivyo si mwongo wala mvivu. Hana zaidi ya hilo la kusema. Dai langu ni kwamba jibu bora lipo. Limo tayari ndani ya kompyuta za taasisi zinazoushughulikia mzigo, na halitoki kwa sababu tumezoea kuangalia kazi inayofanyika, hatuangalii muda ambao hakuna kazi yoyote inayofanyika.

Tulifuate kontena moja linaloshushwa Mombasa kwenda Kampala. Kampuni ya meli hupeleka manifesti kabla meli haijafunga gati. Wakala hujaza tamko la forodha, na tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianze kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, ushuru hulipwa kwa mamlaka ya mapato ya Uganda wakati mzigo ungali bandarini Kenya. Mfumo wa forodha hupima hatari na kuupanga mzigo katika njia ya kijani, ya njano au nyekundu: wa kijani hupita, wa njano hukaguliwa hati, wa nyekundu hufunguliwa kontena. Kampuni ya meli hulipwa stahiki zake na kutoa hati ya kuruhusu mzigo, bandari nayo hulipwa tozo zake, kontena hufungwa lakiri ya elektroniki, lori huingia, hupakiwa, hutoka getini, hupimwa uzito Mariakani, kisha huanza safari ya kilomita zaidi ya 900 hadi Malaba. Ukijumlisha muda ambao mkono wa mtu au mtambo uko juu ya kontena hilo au karatasi zake pale bandarini, utapata saa. Lakini kontena hukaa siku. Kinachojaza nafasi kati ya saa hizo na siku hizo ni kungoja: hati inangoja saini, saini inangoja malipo, malipo yanangoja pesa za mwenye mali, na mwenye mali naye anangoja kuambiwa ni kiasi gani.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa Gaël Raballand na wenzake kuhusu bandari sita za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Mombasa na Dar es Salaam. Ukiiweka kando Durban, mzigo ulikuwa ukikaa bandarini kwa wastani wa karibu siku 20, ilhali katika bandari nyingi kubwa za dunia ilikuwa siku 3 au 4. Wengi walikuwa wamezoea kulaumu uchache wa kreni na magati. Utafiti ule ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya siku hizo ilitokana na taratibu za kutoa mzigo na mwenendo wa waagizaji wenyewe, ambao baadhi yao waliiacha mali bandarini kwa kuwa palikuwa nafuu kuliko kukodi ghala mjini. Tangu wakati huo siku zimepungua, Mombasa hasa, lakini somo la utafiti huo bado halijazeeka. Anayetaka kujua mzigo utatoka lini hawezi kulipata jibu kwa kuhesabu mitambo. Lazima ajue nani anamngoja nani.

Kwa nini basi tusimwulize tu mtu mwenye uzoefu? Kwa sababu uzoefu, ukiachwa bila kumbukumbu, hutabiri vibaya, na hutabiri vibaya kuelekea upande mmoja. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya watu kukadiria muda wa kazi kwa kufikiria mpango wao utakavyokwenda, bila kutazama kazi za namna hiyo zilivyokwenda huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi walisema watamaliza kwa takriban siku 34. Walipoombwa wakadirie kama kila kitu kingekwenda mrama, walisema siku 49 hivi. Walimaliza kwa siku 55. Hata makadirio yao ya balaa yalikuwa na matumaini kupita kiasi. Wakala anayesema "Alhamisi" anafanya hivyohivyo: anaiona njia iliyonyooka kutoka dawati hadi dawati, na njia hiyo kweli ipo, ila mizigo michache ndiyo inayoipita bila kusimama.

Dawa ya kosa hili ni kumbukumbu, na kumbukumbu inayohitajika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wil van der Aalst, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, ndiye aliyeongoza kuijenga taaluma ya kuchimbua michakato kutoka katika kumbukumbu za kompyuta, na msingi wake ni mambo matatu tu. Kwanza, namba inayoutambulisha mzigo, ombi au jalada. Pili, jina la hatua iliyofanyika. Tatu, saa na tarehe iliyofanyika. Ukiwa na mistari ya namna hiyo kwa maelfu ya mizigo iliyokwisha toka, kompyuta inaweza kuchora njia ambazo mizigo hupita kwa kweli, zikiwemo zile za kurudishwa nyuma ambazo haziandikwi katika mwongozo wowote wa ofisi. Mwaka 2011 van der Aalst na wenzake wawili walionyesha namna ya kutabiri muda uliobaki: chukua jalada lililo mezani sasa, tafuta majalada ya zamani yaliyowahi kufika hatua hiyohiyo kwa njia hiyohiyo, kisha tazama yalichukua muda gani kutoka hapo hadi mwisho. Baadaye wengine walileta mitandao ya neva bandia inayojifunza mifuatano mirefu zaidi, lakini kiini hakikubadilika. Utabiri si kitu kinachotolewa mara moja mwanzoni na kuachwa. Unasahihishwa kila hatua mpya inapoandikwa, na kwa kawaida unazidi kuwa karibu na ukweli kadiri mwisho unavyokaribia.

Mfano uliochunguzwa sana na wataalamu wa fani hii unatoka benki. Mwaka 2017 taasisi moja ya fedha ya Uholanzi ilitoa kwa watafiti kumbukumbu za maombi 31,509 ya mikopo, majina ya wateja yakiwa yameondolewa. Moja ya maswali iliyotaka yajibiwe lilikuwa hili: katika siku ambazo ombi huchukua, ni ngapi zinapotea ndani ya benki na ni ngapi zinapotea kwa mteja ambaye bado hajaleta alichoombwa? Naliona swali hilo kuwa la busara kuliko hesabu zote zilizofuata. Kwa miaka mingi ofisi zimepima kasi ya mfanyakazi aliyeketi mezani, na ukimhimiza mfanyakazi huyo amalize ukaguzi kwa dakika 20 badala ya 40 huku jalada likilala siku tatu likingoja barua, hukuokoa chochote ambacho mteja atakihisi.

Kungoja huko hakulingani kwa kila mzigo, na hapo ndipo wastani unapotudanganya. Tuseme makontena kumi yameshuka siku moja. Manane yamepita njia ya kijani au ya njano na kutoka kwa siku 3 kila moja. Mawili yamekwenda nyekundu, yakakosa hati moja, yakatoka siku ya 19. Wastani wake ni siku 6 na kidogo. Hakuna hata kontena moja lililotoka siku ya sita. Mwenye mali anayepanga lori lake kwa kufuata wastani huo atakuwa amechelewa siku tatu kama mzigo wake ni wa kawaida, na atakuwa amelipia lori lisimame karibu wiki mbili kama ni ule mwingine. Anachohitaji ni kujua yuko katika kundi lipi, na kujua mapema. Mara tu njia nyekundu inapoandikwa katika mfumo, makadirio yake yanapaswa kuruka kutoka siku 3 hadi wiki kadhaa, saa hiyohiyo, wakati bado anaweza kumpigia simu mwenye lori, kuitafuta hati inayokosekana, au kuomba benki imwongezee muda. Utabiri unaofika baada ya pesa kwisha kulipwa hauna faida kwa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo mzigo wenyewe hauwezi kulionyesha hata ukiufuata hatua kwa hatua, nalo ni msongamano. Muda wako unategemea pia walio mbele yako. Agner Erlang, mhandisi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kulihesabu jambo hili mwaka 1909, na hesabu za foleni zilizotokana na kazi yake zinatisha kidogo. Chukua dirisha moja linalohudumia watu wanaofika bila mpangilio, kila mmoja akihudumiwa kwa muda usiolingana na wa mwenzake. Dirisha likiwa na kazi asilimia 80 ya muda, kwa wastani mtu hungoja mara 4 ya muda wa huduma yenyewe. Likiwa na kazi asilimia 90, hungoja mara 9. Asilimia 95, mara 19. Kutoka 80 hadi 95 hakuna mkuu wa idara atakayeona tofauti kubwa kwa kuwatazama wafanyakazi wake, kwa sababu nyakati zote mbili wanaonekana wameinamia kazi. Anayeketi kwenye benchi nje ndiye anayeiona. Kwa sababu hiyo ofisi inayojivunia kwamba watumishi wake hawapumzishi mkono ndiyo ofisi ambayo ni vigumu zaidi kusema jalada litatoka lini.

Faraja ni kwamba msongamano ni rahisi kuupima. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kwa kalamu: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na idadi inayoingia kwa siku ukizidisha na siku ambazo kila kimoja hukaa. Ofisi yenye majalada 300 mezani, inayopokea 20 kwa siku na kumaliza 20 kwa siku, hukaa na kila jalada siku 15 kwa wastani, hata mkuu wake akiapa kwamba ni siku tano. Na watafiti wa Israeli waliochunguza kituo cha simu cha benki mwaka 2014 walikuta kwamba makadirio sahili kabisa, yaani kumwambia anayepiga simu sasa kwamba atangoja kama alivyongoja aliyehudumiwa mwisho, yalifanya vizuri kuliko mbinu nyingine zilizokuwa na hesabu nzito zaidi. Wakala mdogo asiye na mtaalamu wa takwimu anaweza kuanza hapo kesho asubuhi: mzigo wa mwisho wa namna hii uliotoka, ulingoja siku ngapi, na wapi?

Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Mamlaka inayoratibu usafirishaji katika Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, imekuwa na kituo cha kukusanya takwimu za usafirishaji tangu 2012, na Ushoroba wa Kati unaoanzia Dar es Salaam una kituo cha namna hiyo. Juni 2014 taasisi za serikali na za watu binafsi zilitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Bandari ya Mombasa, zikijifunga kwa malengo yanayopimika. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo inayopita kwa lakiri za elektroniki zinazotuma mahali lori lilipo. Kazi hii ni kubwa na inastahili heshima. Ila sehemu kubwa ya matunda yake hutolewa kama taarifa za miezi iliyopita, kwa ajili ya mawaziri, wafadhili na watafiti. Lakiri inajua lori lilipo dakika hii. Mwenye mali aliyelipia safari hiyo bado anampigia simu dereva kumwuliza yuko wapi. Kati ya kueleza yaliyopita na kutabiri yajayo kuna hatua moja iliyobaki, na hatua hiyo haihitaji mtambo mpya hata mmoja.

Pingamizi la kwanza linaloletwa ni kwamba yaliyopita hayafungi yajayo. Ni kweli, na mwaka 2020 ulitupa ushahidi wake. Madereva walipoanza kupimwa korona mipakani, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita, na hakuna kumbukumbu ya 2019 ambayo ingeweza kuisema. Lakini tuangalie pingamizi hilo linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba kumbukumbu lazima zisomwe mfululizo, za wiki hii zikipewa uzito kuliko za mwaka jana, na kwamba mambo yakibadilika ghafla jibu la kweli ni kupanua makadirio na kusema wazi kwamba yamepanuka. Manahodha wa majahazi ya pwani hii hawakuwa na amri juu ya kaskazi wala kusi, na kuna miaka pepo hizo zilichelewa. Hata hivyo walipanga safari za Arabuni kwa kuzifuata, kwa sababu kutokuwa na uhakika kamili si sawa na kutojua kitu. Na yule anayekataa makadirio yaliyotokana na kumbukumbu kwa kuwa hayana uhakika huishia kutumia makadirio yake mwenyewe, ambayo yana uhakika mdogo zaidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: kumbukumbu zenyewe huwa za uongo. Afisa hukagua mizigo asubuhi, kisha jioni huketi na kuingiza matokeo yote kwa pamoja, na kompyuta ikaamini kwamba makontena 12 yalikaguliwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na robo. Malipo hufanyika Jumatatu, stakabadhi ikapandishwa Jumatano. Utabiri unaojengwa juu ya saa za namna hiyo utakuwa na sura ya sayansi na moyo wa kubahatisha. Sioni dawa moja ya tatizo hili, ila naona pa kuanzia: tegemea kwanza alama ambazo haziandikwi na kumbukumbu ya mtu, kama vile lango linaposoma namba ya lori, benki inapopokea fedha, lakiri inapofungwa na kufunguliwa, skana inapopiga picha. Hizo chache zikiwa za kweli zinafaa kuliko alama 40 ambazo nusu yake ziliingizwa kwa kukisia.

Tena kuna hofu ya wafanyakazi, ambayo waajiri huipuuza kwa hasara yao. Mfumo unaorekodi kila hatua unaweza kugeuzwa fimbo. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliona, katika masuala ya fedha za nchi, kwamba uhusiano wa takwimu ulioaminika huvunjika pindi unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Ofisini hutokea vilevile: mwambie karani atapimwa kwa muda wa kufunga jalada, naye atalifunga na kulifungua upya kwa namba nyingine, au atalirudisha kwa mwombaji kwa kosa la nukta ili saa isimame. Kuanzia hapo kumbukumbu zimekufa, na utabiri umekufa nazo. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kumbukumbu za kutabiria zisitumike kumwadhibu mtu mmoja mmoja, na ahadi hiyo iwekwe kwa maandishi. Si huruma tu inayotaka hivyo. Siku nyingi zinapotea katikati ya madawati, mahali ambapo hakuna karani wa kulaumiwa, kwa hiyo fimbo ingemchapa asiyehusika.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya bandari na benki za Ulaya, si ya fundi seremala wala duka la dawa. Sikubali. Safu tatu zile, namba, hatua na saa, zinaingia katika daftari la mistari. Fundi anayeandika siku oda ilipoingia, siku mbao zilipofika, siku kazi ilipoanza na siku mteja alipochukua, baada ya oda 30 atajua kwamba kilichomfanya avunje ahadi kwa wateja si mikono yake, ni mbao. Ataacha kuahidi tarehe kabla mbao hazijafika, na hilo peke yake litamrudishia imani ya wateja ambayo hakuna tangazo linaloweza kuinunua.

Kikwazo kigumu zaidi hakisemwi hadharani. Pale ambapo hakuna anayejua mzigo utatoka lini, kujua kunakuwa bidhaa. Anayeweza kunong'oneza kwamba jalada liko kwa fulani na litasukumwa leo ana kitu cha kuuza, na bei yake hupanda kadiri giza linavyozidi. Kuweka makadirio wazi kwa kila mwenye mali kunaiondoa bidhaa hiyo sokoni, kwa sababu mzigo uliopaswa kutoka kwa siku 3 na umefika siku ya 8 utaonekana na watu wote, pamoja na hatua uliyokwama. Ndiyo maana sitarajii jambo hili lije lenyewe kwa kuwa mitambo ipo. Litakuja likidaiwa na vyama vya mawakala, vyama vya wasafirishaji na wafanyabiashara, ambao wana haki ya kulidai.

Na wadai nini hasa? Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu uwezeshaji wa biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unazihimiza nchi kupima na kuchapisha wastani wa muda wa kutoa bidhaa. Tumeona wastani unavyoweza kumpotosha mtu. Siku meli inapofunga gati, mwenye mali aliyeko Kampala au Kigali kwa njia ya Mombasa, au Bujumbura kwa njia ya Dar es Salaam, aoneshwe mambo matatu kuhusu mizigo iliyofanana na wake katika wiki chache zilizopita: nusu yake ilitoka ndani ya siku ngapi, tisa katika kila kumi ilitoka ndani ya siku ngapi, na ile iliyobaki ilikwama hatua gani. Namba hizo zibadilike mbele ya macho yake kila hatua inapokamilika, hadi lori lake litoke getini.